Kijiti Kimoja, Treni Mbili

Ajali ilitokea saa mbili na dakika kumi usiku, chini ya meza ya chakula. Treni ya mizigo ndiyo kwanza ilikuwa inaiacha stesheni. Ya abiria ilikuwa bado haijafika, iko kwenye kona ya kabati inarudi, na reli ni ileile moja. Vichwa viwili vya plastiki vikakutana uso kwa uso, dereva mmoja mwenye tabasamu la kuchorwa akarukia uvunguni mwa friji, na mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho: "Baba Nuru, si ulisema leo zinajiendesha zenyewe?"

Zilikuwa zinajiendesha zenyewe, ndiyo. Tatizo lilikuwa hilohilo.

Mimi ni fundi simu hapa Dar es Salaam. Kutwa nashinda na vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji yaliyojaa vumbi. Haya ya treni yameanzia kwa shemeji yangu anayeishi Ujerumani. Mara ya kwanza alipokuja likizo alileta boksi la Lego, vile vitofali vya plastiki vya kuchezea vinavyopachikana, alilolinunua kwenye mnada wa vitu vilivyotumika: treni ya mizigo ya mwaka 2010, reli za kutosha, na njia panda mbili, yaani zile sehemu reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Kisanduku cha betri kilikuwa kimeoza. Mtu alisahau betri ndani, zikavuja, na ule unga mweupe ukala hadi shaba ya waya. Lakini mota ilikuwa hai. Niliigusisha kwenye betri ya volti 9 ikanguruma mezani kama nyuki kwenye kopo. Mara ya pili shemeji akaja na treni mpya ya abiria, ya Bluetooth, zawadi ya Nuru. Hapo ndipo mtu ukajikuta na treni mbili na wazo.

Wazo lenyewe: kitanzi kimoja cha reli, stesheni moja yenye njia mbili, treni ya kwanza inatoka inazunguka kulia inarudi kwenye njia yake, kisha ya pili inatoka inazunguka kushoto inarudi kwenye yake. Zamu kwa zamu, bila mtu kugusa kitu. Kona 16 za Lego zinakamilisha duara, kila moja nyuzi 22.5. Ukiongeza reli nyoofu 20 unapata mzunguko wa kama mita nne na nusu, unaopita chini ya meza, unalizunguka kabati na kurudi. Kwa betri iliyojaa, treni ya mizigo inaumaliza kwa sekunde 12.

Ikumbuke hiyo 12.

Treni za Lego za umeme zilianza mwaka 1966, za betri ya volti 4.5, reli za bluu. Mwaka 1980 ukatoka mfumo mpya wa volti 12 ambao hadi leo wazee wa fani wanausimulia kwa sauti ya chini: njia panda zinageuka kwa umeme, taa za ishara zinawaka, wewe umekaa na paneli yako ya vitufe kama bwana stesheni. Mwaka 1991 zikaja za volti 9, umeme unapita kwenye reli zenyewe za chuma. Halafu mwaka 2006 umeme ukaondolewa relini, betri zikapandishwa kwenye treni, rimoti ikawa ya infraredi kama ya televisheni, na mwaka 2018 zikaanza kutoka za Bluetooth. Kwa mtoto ni nafuu, hakuna waya wa kujikwaa. Kwa anayetaka treni ijiendeshe ni hasara tupu, kwa sababu reli imekuwa plastiki na plastiki ni bubu. Kwenye reli ya kweli, Mmarekani William Robinson aligundua njia ya kuifanya reli yenyewe iseme tangu mwaka 1872: pitisha umeme mdogo kwenye reli mbili, magurudumu ya treni yataziunganisha, na taa upande wa pili itajua kuna treni. Reli ikikatika nayo inahesabika kama kuna treni. Reli yangu mimi haijui hata kama imekanyagwa.

Basi niliianza ile kuukuu. Niliikata waya ya Lego yenyewe, jambo ambalo wakusanyaji wangenipeleka mahakamani, nikakuta nyuzi nne: mbili za betri na mbili za mota. Za mota ndizo nilizozitaka. Ubongo ni bodi ya ESP32, ukubwa wa kiberiti, yenye Wi-Fi na Bluetooth ndani yake. Betri ni mbili za 18650 nilizozitoa kwenye laptopu iliyokufa. Zinaitwa hivyo kwa sababu kipenyo ni milimita 18 na urefu 65, na hapo ndipo hesabu iliponikaba. Vinundu vya Lego, vile vya juu ya kitofali, vimeachana milimita 8. Treni ina upana wa vinundu sita, milimita 48. Toa ukuta wa kinundu kimoja kila upande, inabaki 32. Betri mbili ubavu kwa ubavu ni 36. Milimita nne tu! Nilijaribu kuzikwangua kuta kwa kisu mpaka nikaona naharibu, nikazilaza betri moja nyuma ya nyingine kwenye behewa la wazi, nikazizungushia karatasi ya kahawia. Sasa ni shehena ya magogo. Wageni wanaisifu. (Ukizitumia betri hizi weka bodi ya ulinzi, na usizichaji ukalala. Nimeona simu zikiungua kwenye droo ya duka.)

Siku ya kwanza treni ilikuwa na kwikwi. Inashtuka, inasimama, inashtuka, inasimama. Nilidhani programu, nikaipekua usiku kucha. Haikuwa programu. Mota nilikuwa naiendesha kwa bodi ya L298N, ile nyekundu yenye bawa la chuma ambayo kila duka la vifaa Kariakoo wanayo, na umeme wa ubongo nilikuwa nauchukua hukohuko, kwenye kirekebishi chake kidogo cha volti 5. Kirekebishi hicho kinataka kipewe kama volti 7 ndipo kitoe 5 kamili. Betri zangu mbili zinatoa 7.4 zikiwa zimetulia. Mota ikianza kuvuta, za laptopu ya kizee zinashuka chini ya 7, ubongo unazimika, mota inakatika, volti zinapanda, ubongo unaamka na kukuta amri ya kwanza ni "nenda". Kwikwi hiyo. Isitoshe L298N yenyewe inameza karibu volti mbili njiani na kuzigeuza joto. Nikaitupa, nikaweka DRV8833 ambayo ni ndogo kama ukucha, ubongo nikaupa kipunguza volti chake peke yake na kapasita ya mikrofaradi 1000 mlangoni. Kwenye programu nikaiambia mota ipande taratibu ndani ya nusu sekunde. Zaidi ya kuponya kwikwi, ikawa inaondoka kwa madaha kama treni yenye tani mia kadhaa nyuma.

Treni ya Nuru sikuruhusiwa kuifungua. "Baba, yangu usiipasue." Kwa bahati Lego wenyewe wameweka hadharani lugha ambayo vifaa vyao vya Bluetooth vinaongea, na kuna maktaba ya programu ya bure, Legoino, inayoifanya ESP32 iongee lugha hiyo. Kwa hiyo nikatenga bodi moja pale stesheni kwa ajili ya kuongea na treni ya Nuru tu, na bodi ya pili, iliyounganishwa nayo kwa waya tatu, kwa ajili ya hayo mengine. Ningeweza kutumia moja, lakini Wi-Fi na Bluetooth ndani ya ESP32 zinagombea redio moja, na sikutaka ugomvi huo utokee treni ikiwa kwenye kona.

Njia panda zinageuzwa na servo mbili, zile vimota vya gramu 9 ambavyo ukivitajia pembe vinageuka na kukaa hapo. Mkono wa servo unasukuma kijiti cha Lego kupitia kipande cha spoki ya baiskeli. Gundi iliachia mara mbili. Ya tatu nikafunga kwa waya.

Sasa ile 12. Programu yangu ya kwanza ilikuwa hivi: geuza njia panda, iondoshe treni ya kwanza, hesabu sekunde 14, isimamishe, geuza njia panda, iondoshe ya pili. Sekunde mbili za ziada ni za tahadhari. Ilifanya kazi vizuri sana kwa robo saa, nikaita mpaka jirani. Ila betri hazikai zilivyo. Volti zinashuka, magurudumu yanaokota mchanga (nyumba yetu ina mchanga, hatujui unatoka wapi), na mzunguko wa sekunde 12 unakuwa 13, 14, 16. Saa mbili na dakika kumi programu iliamini treni ya abiria imefika kwa sababu muda wa kufika ulikuwa umepita. Ilikuwa bado iko kabatini.

Usiku ule, baada ya kumtoa dereva uvunguni, nilisoma jinsi reli za kweli zilivyolitatua hili, nikakutana na Thorpe. Ni karibu na mji wa Norwich, Uingereza. Mwaka 1874, tarehe 10 Septemba, kulikuwa na reli moja kati ya Norwich na stesheni ya Brundall, na ruhusa zilikuwa zinatolewa kwa simu ya waya ya maandishi. Ilikuwa usiku na mvua. Ujumbe ukaenda Brundall kwamba treni ya barua iliyoko huko inaweza kuja. Wakati huohuo Norwich wakairuhusu treni ya haraka iondoke kuelekea kulekule. Walipogundua wakapiga upesi kuizuia ile ya barua, na jibu likarudi kwamba imeshaondoka. Hebu jiweke kwenye kiti cha yule karani: anajua kitakachotokea, anajua ni wapi, na hana waya wowote unaowafikia madereva wale wawili. Walikufa watu 25.

Kilichofuata ndicho kilichonikalisha kitandani. Mhandisi Edward Tyer, mwaka 1878, alitengeneza mashine mbili, moja kila upande wa reli, zilizounganishwa kwa umeme, na ndani yake visahani vya chuma. Kisahani kimoja kikitolewa upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga mpaka kirudishwe. Dereva bila kisahani mkononi haondoki. Kabla ya hapo baadhi ya reli zilikuwa zinatumia kijiti kimoja tu cha kawaida, na dereva anakwenda nacho. Ujumbe unaweza kuandikwa vibaya, kusomwa vibaya, kutumwa kabla ya wakati. Kijiti hakiwezi kuwa kwenye mikono miwili.

Mimi nilikuwa nimejenga Thorpe sebuleni. Programu ilikuwa inatuma amri na kuhesabu amri hiyo kuwa ni habari.

Nikaandika upya. Ndani ya bodi ya stesheni kuna kijiti kimoja, namba tu kwenye kumbukumbu: 0 kiko stesheni, 1 kiko na treni ya mizigo, 2 kiko na ya abiria. Hakuna treni inayoondoka mpaka namba iwe yake, na namba hairudi 0 mpaka reli ishuhudie treni imeingia. Kushuhudia kukataka macho.

Macho ya kwanza yalikuwa ya infraredi, yale yanayotoa mwanga na kuusoma ukirudi. Usiku yalikuwa hodari. Saa kumi jioni jua likiingia dirisha la magharibi yakaanza kuona treni zisizokuwapo. Kijiti kikawa kinarudishwa na mwanga wa jua. Nikayang'oa, nikaweka swichi za sumaku, vibomba vya kioo vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, ndani vina vyuma viwili vinavyogusana sumaku ikipita. Vinakaa kati ya mataruma. Sumaku ninazo tele, kila spika ya simu iliyokufa inayo moja. Tatizo lake dogo ni kwamba vile vyuma vikigusana vinadundadunda kwanza, treni moja ikahesabiwa tatu. Ukiiambia programu isisikilize kitu kwa sehemu ya tano ya sekunde baada ya mguso wa kwanza, basi.

Sumaku nikaibandika chini ya kichwa cha treni. Kosa.

Mabehewa ya Lego yanashikana kwa sumaku, na kwenye kona kali ukienda kasi la mwisho linaweza kuachia. Likaachia, likabaki kwenye kona ya kabati. Kichwa kikaingia stesheni kwa heshima zote, swichi ikashuhudia, kijiti kikarudi, treni ya pili ikaondoka ikalivaa behewa yatima. Nilicheka, maana nilikuwa nimesoma hilo pia na sikuelewa: treni za kweli hubeba taa au kibao nyuma ya behewa la mwisho, na mtu wa stesheni kazi yake ni kukiangalia hicho. Kichwa kufika si treni kufika. Nikahamisha sumaku hadi mkiani, na swichi nikazisogeza ndani zaidi ya njia panda ili mkia ukishuhudiwa uwe umeshapita.

Na servo nazo zilikuwa zinaaminiwa bure. Unaiambia geuka, haijibu kama imegeuka. Siku moja mchanga ulibana ulimi wa njia panda, servo ikaunguruma na kuchemka, na treni ya Nuru ikaingia njia iliyokuwa na treni. Sasa kila njia panda ina swichi ndogo ya kubofya iliyotoka kwenye panya wa kompyuta, inayobonyezwa na ulimi wenyewe ukifika mwisho. Haijabonyezwa, kijiti hakitoki.

Limebaki la redio. Mwanzoni kila kitu kilipita kwenye Wi-Fi ya nyumbani kwa MQTT, utaratibu wa kupashana habari uliobuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yanayoangaliwa kwa setilaiti. Una kitu kizuri kinaitwa wosia: kila kifaa kinapojiunga kinaacha maneno ya kusomwa kikifa ghafla. Nilijivunia sana wosia wangu: "Treni ya mizigo imepotea." Halafu umeme ukakatika, ruta ikazima, na treni, ambayo ina betri zake mgongoni, ikaendelea kuzunguka gizani tunaisikia tu. Wosia unawaarifu walio hai. Haumsimamishi marehemu.

Hapa tena kuna watu waliolipa kabla yetu. Armagh, Ireland, tarehe 12 Juni 1889: treni ya matembezi iliyojaa watoto ilishindwa kupanda mlima, wakaikata ili wapandishe sehemu ya mbele kwanza. Breki zake zilikuwa za aina inayoshika ukiziamuru, na mabehewa yaliyokatwa hayakuwa na wa kuziamuru. Yakarudi nyuma mlimani yakagonga treni iliyokuwa inafuata, watu wapatao 80 wakafa, na mwaka huohuo sheria ya Uingereza ikalazimisha breki za kinyume chake: bomba likikatika zinajishika zenyewe. Inayotakiwa kufanya juhudi ni treni inayokwenda. Kusimama kuwe bure.

Kwa hiyo nikaachana na ruta, bodi sasa zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa ESP-NOW, na stesheni inaitumia treni ya mizigo neno moja mara kumi kwa sekunde: "nenda". Likikosekana kwa nusu sekunde, kwa sababu yoyote ile, treni inajisimamisha. Nikiuchomoa umeme wa stesheni inasimama ndani ya urefu wa behewa moja. Nimejaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ikawa nzuri. Wiki nzima haikugongana. Nuru na binamu zake walikuja kuangalia Jumamosi, wakaangalia kama dakika kumi, wakaenda kucheza rede. Treni ziliendelea kupishana peke yake na mimi peke yangu.

Jioni Nuru akauliza: "Baba, hicho kijiti kiko wapi?" Nikamwambia kiko ndani ya bodi, ni namba. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wateja wanaosema simu haijaangukia maji.

Basi nikakitengeneza. Ni kijiti cha aiskrimu, kimepakwa rangi nyekundu, kina sumaku ya spika kwenye ncha. Stesheni ina matundu mawili, moja kila njia, na kila tundu lina swichi ya sumaku chini yake. Kijiti kikiwa tundu la kwanza, treni ya mizigo ina ruhusa. La pili, ya abiria. Treni ikirudi na mkia wake kushuhudiwa, taa ya kijani inawaka na mtu anaruhusiwa kukihamisha. Programu bado inaangalia kila kitu nyuma yake, ila kuondoka kunasubiri mkono. Binamu mmoja aligundua siku hiyohiyo kwamba sumaku ya mlango wa friji nayo inafaa, tukamfukuza kazi. Foleni ya mabwana stesheni ilifika mlangoni.

Jumatatu nilifunga duka mapema nikaja na servo mpya. Nikawasha. Njia panda zikageuka, swichi zikabofya, taa zote mbili nyekundu. Hakuna kilichoondoka. Nikapima betri, nikapima redio, nikafungua bodi, nikaanza kupekua programu mstari kwa mstari. Mke wangu akapita na ndoo akasema mtoto aliondoka asubuhi na kile kijiti chake kwenye mkoba wa penseli, alitaka kuwaonyesha wenzake darasani.

Nikakaa sakafuni. Treni mbili, reli nyeupe kabisa, na taa nyekundu, mpaka saa tisa na nusu aliporudi shule.